Tumechoka Kulipia Kukataliwa

Wasee, leo tuongee ukweli. Kila nikifungua simu napata mzungu fulani juu ya mlima, ubao wa theluji mguuni, anatuambia: "Acha uoga, kata tiketi, enda peke yako." Rahisi hivyo. Sasa mimi nimeenda. Peke yangu. Na nawaambia, safari yangu haikuanza JKIA. Ilianza miezi 14 mapema, kwa foleni ya visa.

Nimecheza ubao wa magurudumu kwa parking ya estate tangu nikiwa form two. Theluji ndiyo ilikuwa ndoto. Nikaweka akiba kidogo kidogo kwa M-Pesa, karibu miaka miwili. Kisha nikaona orodha: taarifa za benki, barua ya mwajiri, mahali pa kulala, tiketi ya kurudi, bima ya matibabu ya angalau euro 30,000. Juu ya hayo, visa ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, yaani zaidi ya 12,000 za Kenya. Ukikataliwa hazirudi. Hata bob.

Nikakataliwa. Fomu ilikuwa na tiki moja tu: kuna shaka kama nitaondoka visa ikiisha. Mbona? Nina miaka 23, sina bibi, sina shamba, nasafiri solo. Yaani kile kitu vijana wao wakifanya kinaitwa uhuru, nikifanya mimi ni ushahidi wa kesi.

Sasa geuza meza. Kijana wa 23 kutoka Austria akitaka kuona Mara peke yake, anajaza eTA kwa mtandao, analipa dola 30, anapanda ndege. Hakuna mtu Nairobi anamuuliza kama ana bibi ama ploti. Akifika tunamwambia karibu. Na sisemi tumfungie mlango. Nasema wa kwao pia ufunguke hivyo.

Najua mtasema kila nchi ina haki ya kulinda mpaka wake, na kuna wasee huenda wakapotelea huko. Kweli, wapo. Lakini ukitaka kunishuku, nishuku bure. Ni duka gani unalipia kitu, unanyimwa, na mwenye duka anabaki na pesa? Ati ni gharama ya kushughulikia faili. Sawa, kata gharama, rudisha salio, na uniandikie sababu inayonihusu mimi, si tiki. Rufaa ipo, ndiyo. Ila theluji haingojei rufaa.

Wengine mtaniambia kuna Afriski, kule Lesotho, kwa nini nisiende huko? Nitaenda, tena kwa furaha. Lakini kuchagua Lesotho na kusukumwa Lesotho si kitu kimoja.

Na nyinyi wa "Mkenya na theluji wapi na wapi", tulieni. Philip Boit alituwakilisha kwa mbio za skii Nagano mwaka wa 1998. Sabrina Simader akashindana PyeongChang mwaka wa 2018. Hiyo njia ishafunguliwa kitambo.

Mara ya pili niliomba na karatasi za aina ileile. Mshahara uleule, bado sina bibi, bado sina shamba. Nikapewa. Hapo ndipo nilikasirika kabisa, maana kumbe sikuwa nimekosea kitu. Nilikuwa nimelipa euro 180 kwa swali moja.

Siku ya kwanza kwa mlima nilianguka mpaka nikaacha kuhesabu. Watoto wadogo wananipita wakicheka. Siku ya tano nikashuka mteremko wote nikiwa wima, nikapiga nduru peke yangu kama mwendawazimu. Hiyo raha ni yangu, siidaiwi na mtu.

Halafu nikarudi. Tarehe ileile niliyoandika kwa fomu, kwa ndege ileile. Shaka yao ilikuwa hewa, lakini pesa yangu ilikuwa pesa. Hadi leo hakuna aliyeniambia pole.

Kama ushawahi kukataliwa, usione aibu na usijifiche. Andika hapa chini ulilipa ngapi. Tuhesabu pamoja, wajue tunahesabu.