Binti yangu anataka kuwatetea madaktari wanaoshtakiwa



Barua zenu nimezipata na nitazijibu. Leo naomba mniruhusu nilete la kwangu, maana najua wapo wenzangu litakalowagusa.

Binti yangu yuko mwaka wa tatu chuo kikuu, anasoma sheria. Alipokuja likizo, tukiwa jikoni tunachambua mchicha, nikamuuliza akimaliza anataka kuwa wakili wa mambo gani. Nilitegemea aseme ardhi au mirathi, maana ukoo wetu haukosi kesi ya shamba. Akanijibu bila kuinua uso: "Kesi za uzembe wa kitaaluma, mama. Ila upande wa utetezi. Nataka kuwatetea madaktari na wauguzi wanaoshtakiwa."

Mchicha ulinibaki mkononi.

Kabla yake nilijifungua mtoto mwingine. Ilikuwa mwaka 1999, hospitali siitaji. Uchungu ulinishika jioni, nikaita usiku kucha, alfajiri ndipo akazaliwa, nikaambiwa mtoto amechoka. Hakufika adhuhuri. Baba yake alipokwenda kuuliza kilichotokea, akaambiwa faili halionekani. Halijaonekana mpaka leo.

"Kwa hiyo yule aliyekuwa zamu usiku ule ungemtetea?" nilimuuliza.

Akasita. "Sijui, mama. Ningeomba faili kwanza."

Nilimuona hana adabu. Siku mbili tukawa tunapishana tu sebuleni. Siku ya tatu baba yake akatushauri twende kwa wakili mmoja tunayemfahamu, mtu mzima, aliyeifanya kazi hiyo zaidi ya miaka 20. Tulikaa ofisini kwake karibu saa mbili. Nawaletea niliyoyasikia, kwa sababu watoto wetu wanachagua kazi ambazo wengi wetu tunazijua kwa majina tu.

Kazi yenyewe ni ipi?

Uzembe wa kitaaluma si wa madaktari peke yao. Mhandisi ambaye jengo lake limepata nyufa, mhasibu aliyekosea hesabu za kampuni, hata wakili aliyechelewa kufungua rufaa ya mteja wake, wote wanaweza kudaiwa mahakamani. Anayedai anatakiwa kuthibitisha mambo manne: kwamba mtaalamu huyo alikuwa na wajibu kwake, kwamba alifanya kazi chini ya kiwango kinachotakiwa, kwamba kuna madhara, na kwamba madhara hayo yametokana na kosa hilo na si jambo jingine.

Wakili wa utetezi kazi yake ni kuyapima hayo manne, moja baada ya jingine. Likikosekana hata moja, dai linaanguka.

Nikamwambia wakili kwamba kwa masikio yangu hiyo inasikika kama kutafuta mlango wa kutorokea. Hakukasirika. Akatupa mfano wa kesi ambayo kila mwanafunzi wa sheria huisoma, kwa kuwa mahakama zetu zilirithi misingi hii kutoka Uingereza. Miaka ya 1960, walinzi watatu wa usiku jijini London walikunywa chai wakaanza kutapika. Wakaenda hospitali. Muuguzi akampigia simu daktari wa zamu, naye, bila kuja kuwaona, akasema warudi nyumbani wakawaone madaktari wao. Mmoja akafa baada ya saa chache. Chai ilikuwa na sumu ya aseniki.

Mjane akashtaki. Mahakama ikasema wazi kwamba daktari alikosea, alipaswa kuwaona. Lakini ushahidi ulionyesha kwamba hata angemwona na kumlaza, dawa ya kuondoa sumu ile isingemfikia kwa wakati. Mjane akashindwa kesi.

"Hiyo ni haki?" nilimuuliza.

"Ni haki ya kujua," alisema. "Mama yule aliondoka akijua mumewe alikufa kwa nini, na akijua kwamba daktari alikosea. Wengi hawapati hata hayo."

Hapo nilinyamaza, maana mimi ni mmoja wa hao wengi.

Siku zake zinakwendaje?

Kwenye filamu wakili husimama na kunguruma. Huyu alituambia kwamba muda wake mwingi anakaa chini na kusoma. Likija dai, anaomba faili lote la mgonjwa: saa aliyopokelewa, nani alimpima, dawa gani ilitolewa na saa ngapi, nani alisaini. Anapanga matukio dakika kwa dakika kwenye karatasi moja ndefu. Kisha anatafuta daktari bingwa asiyehusika, anampa faili na kumuuliza: wewe ungefanya nini?

Swali hilo ndilo moyo wa kazi. Tangu kesi moja ya Uingereza ya mwaka 1957, kipimo kimekuwa kwamba daktari hahukumiwi kwa sababu tu mgonjwa hakupona. Anapimwa kwa yale ambayo madaktari wenzake wenye ujuzi kama wake wangeona ni sawa kuyafanya. Baadaye mahakama za huko zikaongeza kwamba haitoshi wenzake kuja kumuunga mkono, ni lazima maelezo yao yaingie akilini.

Halafu kuna mteja mwenyewe. Daktari anayeshtakiwa, alisema, mara nyingi hufika hapo akiwa hajalala siku nyingi. Mbali na kesi ya fidia, anaweza kuitwa mbele ya Baraza la Madaktari Tanganyika, na huko kilicho hatarini ni usajili wake. Anaona aibu, anaogopa, na anataka kuficha lile dogo analohisi litamponza. Kazi ya wakili ni kumfanya aseme yote. Anayomweleza wakili wake ni siri kisheria. Lakini wakili haruhusiwi kuidanganya mahakama, na akiona mteja amegusa faili baada ya tukio, mambo hubadilika.

"Nikiona mstari umeongezwa kwa wino mwingine," alisema, "nafunga faili na kumwambia: daktari, hapa tukae na familia tulipe."

Kesi nyingi, kwa kweli, zinatakiwa kuishia mezani. Kesi za madai hapa kwetu hupitia usuluhishi kabla ya kusikilizwa, na wakili mzuri wa utetezi anajua ipi ya kupigana na ipi ya kuomba radhi. Wenye umri wangu mnakumbuka mwaka 2007, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja: aliyekwenda kutibiwa goti akapasuliwa kichwa, na wa kichwa akapasuliwa goti. Wakili anayesimama kubisha jambo la namna hiyo anampotezea mteja wake fedha na kuitesa familia mara ya pili.

Zisipoisha mezani, ndipo huja ule upande tunaouona: mashahidi, maswali ya dodoso, majumuisho. Wakili wa utetezi hulazimika kumhoji mama aliyefiwa. Nilimuuliza anafanyaje. Akasema maswali yake kwa mfiwa huwa machache na ya upole, kwa sababu hakimu au jaji naye ni mzazi, na kwa sababu usiku atarudi nyumbani kulala na nafsi yake.

Njia ya kufika huko

Mzazi mwenye mtoto anayeota ndoto hii, jiandae kwa safari ndefu. Kwanza shahada ya sheria, ambayo ni miaka mitatu au minne kutegemea chuo. Kisha Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo wengi wanaiita Shule ya Sheria, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007. Hapo ndipo wengi hukwama. Matokeo ya mwaka 2022 yalizua mjadala nchi nzima: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Serikali ikaunda kamati kuchunguza. Kwa hiyo mwanao akirudia mtihani, usimwite mjinga mbele ya wageni.

Akivuka hapo, anaapishwa kuwa wakili mbele ya Jaji Mkuu. Miaka ya mwanzo huwa ya kubeba mafaili ya wakubwa, na mshahara ni wa kuungaunga. Kesi dhidi ya hospitali za umma hutetewa na mawakili wa Serikali, chini ya Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali iliyoanzishwa mwaka 2018. Hospitali binafsi na kampuni za bima hutafuta mawakili wao. Hizo ndizo sehemu za kuomba kazi.

Na sekondari asome nini? Wengi hupitia HGL au HKL, lakini wakili alisema asiyeogopa baiolojia ana faida, maana utalala na vitabu vya tiba kama daktari. Kiswahili pia asikidharau. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama, na wakili asiyeweza kumweleza mama wa kijijini maana ya kondo la nyuma kuachia mapema hajafanya kazi yake.

Tunachoweza kuwapa nyumbani

Nilimuuliza anaangalia nini kwa kijana anayetaka kazi hii. Nilidhani atasema ulimi mwepesi. Akasema: mtoto anayeweza kukiri kosa. Aliyelelewa kwenye nyumba ambayo sahani ikivunjika anachapwa kabla ya kuulizwa, hujifunza kuficha vipande. Akiwa daktari, ataficha faili. Akiwa wakili, atamsaidia daktari kulificha.

Nimelifikiria sana hilo. Nami nimechapa kwa ajili ya sahani.

Kabla hatujaondoka nilimsimulia habari yangu ya mwaka 1999. Alisikiliza mpaka mwisho, akanipa pole, akasema kwamba shauri kama hilo lingefika mezani kwake bila faili, angewashauri hospitali wakae na sisi, kwa sababu asiye na faili hana cha kusimamia. Kisha akasema jambo ambalo kila mzazi anatakiwa kulijua: dai la namna hii lina ukomo wa miaka 3, na ukitaka kuishtaki Serikali unatoa kwanza notisi ya siku 90. Nikahesabu kimoyomoyo. Letu liliisha 2002, tukiwa bado tunasubiri faili lionekane.

Njiani kurudi, binti yangu akaniambia, "Mama, kule kazini nataka niwe yule anayewaambia waandike kila kitu na wasifiche. Wakijua wakili wao hatawasaidia kuficha, wataandika."

Sikumwambia kwamba nimekubali. Sijui kama nimekubali. Lakini siku ya kurudi chuoni nilimsindikiza stendi, na kabla hajapanda basi nikamwomba jambo moja: siku atakapomhoji mama aliyefiwa, amuulize kwanza mtoto aliitwa nani.

Akaniangalia. "Wa kwetu aliitwa nani, mama?"

Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia jina. Akalirudia polepole, kama anayeliandika, ndipo akapanda.

Mzazi mwenzangu, kadi ya kliniki usiitupe, na karatasi za hospitali ziweke pamoja kwenye bahasha moja. Ukiwa wodini andika saa na jina la aliyekuhudumia, hata nyuma ya risiti. Itakusaidia wewe, na itamsaidia pia daktari aliyefanya kazi yake vizuri.

Tukutane wiki ijayo, tutajibu barua ya baba ambaye mwanawe amegoma kwenda bweni.