Usimwondoe Mtoto Katika Picha ya Ukoo

Ndugu msomaji, katika nyumba moja huko Katumba, mkoani Katavi, ipo picha ukutani ambayo mwenyeji wangu huwaonyesha wageni wake wote. Ilipigwa mwaka 1991. Babu yake ameketi katikati juu ya kiti cha mbao, kofia ameiweka magotini. Bibi yuko kuumeni kwake. Nyuma yao wamesimama wana na wakwe, na mbele, juu ya mkeka, wajukuu wamepangwa kwa kimo. Nilihesabu watu 29. Nikamwuliza mwenyeji, "Na wewe ni yupi hapa?" Akanijibu, "Mimi simo."

Wakati ule alikuwa na umri wa miaka mitatu. Alipoiona kamera aliangua kilio, akakataa katakata kuketi. Filamu ya mpiga picha ilikuwa inakaribia kwisha na wazee wamechoshwa na jua; ndipo shangazi mmoja akaagizwa ampeleke mtoto nyuma ya jiko asije akaiharibu picha. Kwa hiyo shangazi huyo naye hayumo. Picha ilitoka safi. Miezi michache baadaye babu alifariki dunia, na nyingine ya kuwaonyesha babu na mjukuu pamoja haikupata kupigwa.

Jambo hili lingekuwa na uchungu popote, lakini Katumba lina uzito wake. Makazi hayo yalianzishwa mwaka 1973 kuwapokea wakimbizi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi. Ukoo wa mwenyeji wangu uliingia na vile tu vilivyoweza kubebwa kichwani na mgongoni, na picha hazikuwamo. Tangu mwaka 2014 Serikali ilianza kuwakabidhi vyeti vya uraia wakimbizi hao na wazawa wao, zaidi ya 162,000, wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Mtu wa huko amezoea picha ndogo za vitambulisho, ambazo humwonyesha kila mmoja peke yake. Picha ya ukoo ndiyo inayoonyesha yeye ni wa nani.

Basi kwa nini tunamfukuza mtoto kwa kosa la kutotulia? Sharti la kukaa kama gogo lilianzia kwenye kamera za zamani. Upigaji picha ulipotangazwa huko Ufaransa mwaka 1839, aliyepigwa alipaswa kutulia kwa muda mrefu, la sivyo sura yake ilitoka kama ukungu. Hata miaka mingi baadaye, Ulaya na Marekani mama aliweza kufunikwa shuka, akaonekana kama kiti, ili amshike mtoto asitikisike. Kamera ya leo, penye mwanga wa kutosha, humaliza kazi katika sehemu ndogo sana ya sekunde. Kamera zimebadilika, nasi tungali tunawakemea watoto kwa sheria ya kamera zilizokwisha kutupwa.

Wengi wetu tuna desturi ya kumwambia mtoto, "Tulia, la sivyo utachomwa sindano." Baada ya maneno hayo, mtoto akimwona mgeni ameshika chombo asichokijua na kumwelekezea, hana budi kulia. Yafaa mpiga picha afike mapema, aketi na watoto, awaachie wachungulie katika kamera na kuwaonyesha sura zao. Nusu saa ya namna hiyo huokoa saa mbili za kubembeleza.

Wakati nao ni jambo la kuangalia. Saa sita mchana jua la utosini hutia vivuli machoni na kuwafanya watu wakunje nyuso, na hiyo ndiyo saa ya usingizi wa wadogo. Ni afadhali asubuhi baada ya uji, au jioni jua linapoinama. Ikiwa mmetoka ibadani, watoto wale kwanza. Pangeni wazee na watu wazima mpaka kila mmoja ajue mahali pake, kisha ndipo waitwe watoto, ili wao ndio wangoje kidogo kuliko wote. Mdogo kabisa apakatwe na yule aliyemzoea, hata kama mpango wa vimo utavurugika. Anayewaita watoto watazame awe mmoja tu, asimame karibu na kamera. Mashangazi sita wakipiga makofi kutoka pande sita, kila mtoto atatazama upande wake.

Hali kadhalika, msiridhike na picha moja. Katika kundi kubwa hakosi mtu aliyefumba macho. Zamani filamu ya kawaida ilikuwa na nafasi 36, na kila moja ilikuwa fedha. Leo mpiga picha anaweza kupiga kumi kwa mfululizo kisha mkachagua. Mkisha kuchagua, pelekeni picha mjini ikasafishwe kwenye karatasi, kwani simu huibwa na huharibika. Nyuma yake andikeni kwa penseli tarehe na majina ya wote.

Kiangazi kilichopita nilikuwapo ukoo huo ulipokusanyika tena. Bibi angali hai, ingawa hasimami bila kushikwa. Watu walikuwa 41. Binti wa mwenyeji wangu, mwenye umri wa miaka miwili na nusu, aliitazama kamera, akapiga yowe. Sauti ikatoka nyuma: "Mwondoeni, tunachelewa." Mwenyeji wangu akasema kwa upole, "Asipokuwamo yeye, hatupigi." Hakuna aliyebisha. Mtoto akapewa bibi, akauficha uso wake katika kitenge cha mzee huyo, na picha ikapigwa hivyo hivyo. Kinachoonekana ni kisogo chake, kiatu kimoja, na mkono wa bibi uliomkumbatia mgongoni.

Picha hiyo sasa imetundikwa kando ya ile ya mwaka 1991. Ile ya zamani aliiteremsha kwanza, akaandika nyuma yake majina 29 kama bibi alivyomtajia. Chini yake akaongeza mawili, la shangazi na lake mwenyewe, na maneno haya: "Walikuwa nyuma ya jiko."

Ndugu msomaji, ikiwa wazee wako wangali hai, usingoje watoto wakue ndipo watulie. Hadi Jumapili ijayo.