Luteni Columbo na Bangili Iliyopotea



Ndugu wasomaji, majuzi tulitaja mbele ya akina mama wenzetu kwamba nyumbani kwetu tunatazama tamthilia ya mauaji pamoja na watoto, na wengi wakashangaa. Hatuwalaumu. Nyingi katika tamthilia za aina hiyo hujaa damu, matusi na mambo yanayomfanya mzazi akimbilie kuizima runinga. Hii yetu ni Columbo, tamthilia ya Marekani, na leo tungependa kueleza kwa nini tumeipa nafasi sebuleni.

Columbo ilitungwa na Richard Levinson na William Link. Marehemu Peter Falk alianza kumwigiza Luteni Columbo, mpelelezi wa polisi mjini Los Angeles, katika filamu ya mwaka 1968. Mfululizo wenyewe ulionyeshwa kuanzia 1971 hadi 1978, ukarejea mwaka 1989, na sehemu ya mwisho ikatoka 2003. Zote kwa jumla ni 69, na kila moja ni kisa kilichokamilika. Mtu anaweza kuanzia popote.

Upekee wake ni kwamba muuaji kwa kawaida hafichwi. Tangu mwanzo twamwona akitenda, kisha akiupanga uongo wake. Mara nyingi ni mtu wa mali, elimu na jina kubwa. Ndipo aingiapo Columbo na koti lake lililokunjamana, gari lake kuukuu aina ya Peugeot 403, na hadithi zisizokwisha kuhusu mkewe, ambaye mtazamaji hamwoni kamwe. Wakubwa humdharau. Naye huvumilia, huuliza kwa adabu, huaga, na afikapo mlangoni hugeuka: kuna jambo moja dogo limebaki. Jambo hilo dogo ndilo hung'oa mhimili wa uongo wote.

Chukua kisa cha waandishi wawili kilichoonyeshwa mwaka 1971, ambacho mwongozaji wake alikuwa Steven Spielberg, angali kijana. Mmoja ndiye aandikaye vitabu. Mwenziwe ajua kupokea sifa tu. Yule aandikaye anapotaka kujitenga, mwenziwe anamuua. Kisha mwanamke aliyemwona anadai fedha ili anyamaze, naye pia anauawa. Watoto wetu walielewa bila ya kuhubiriwa: uovu wa kwanza huomba wa pili uje kuulinda. Namna anavyonaswa hatutaisema, tusije tukawanyima utamu.

Hata hivyo, funzo kubwa lilitufikia sisi wazazi. Mwaka uliopita, siku mbili kabla ya harusi ya jamaa, bangili ya dhahabu ilipotea nyumbani kwetu. Kabla hatujamaliza kufungua droo, macho yetu yalikuwa yamekwisha kumgeukia dada anayetusaidia kazi. Hatukutamka neno mwizi. Tulimwomba tu afungue mkoba wake, nguo zake zikatolewa moja moja, na watoto wamesimama mlangoni wanatazama. Usiku ule bangili ikaonekana imezongwa ndani ya leso tuliyoikunja kwa mikono yetu wenyewe. Tulimwomba radhi, naye akasema yamekwisha. Mwisho wa mwezi akaaga, akaenda zake.

Miezi ikapita. Siku moja, katikati ya Columbo, mtoto wetu akauliza, "Mbona hamkamati, na anajua kuwa ni yeye?" Tukamjibu kwamba kujua moyoni hakutoshi, lazima apate ushahidi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na siku ile ya bangili, sisi tulikuwa na ushahidi gani?"

Hatukuwa na jibu.

Tazameni tofauti ilivyo. Columbo humshuku mtu kwa dalili alizoziona, na karibu kila mara huwa amepatia. Hata hivyo hurudi na kurudi akitafuta thibitisho. Tena anaowafuatilia ni wenye nguvu, walio na uwezo wa kujitetea. Sisi hatukuwa na dalili hata moja, tukamwelekea mnyonge kuliko wote waliokuwamo nyumbani. Dini yetu imetufunza tangu utotoni kujiepusha na dhana mbaya. Tulilijua somo; siku ya mtihani hatukulitumia.

Zipo tahadhari. Columbo havui sigara kinywani, na matajiri wale hawakosi glasi za pombe mikononi. Mauaji huonyeshwa kwa kifupi, bila ya damu nyingi, lakini ni mauaji. Watoto wadogo na walale kwanza. Kisa kimoja huchukua zaidi ya saa moja, kwa hivyo sisi hutazama baada ya Isha, usiku ambao kesho yake hakuna shule. Tunaketi pamoja nao, na pale Columbo anapogeuka mlangoni, tunasimamisha picha na kuwauliza: mpaka sasa anashuku nini, na ana nini mkononi?

Swali hilo limeanza kutumika hata runinga ikiwa imezimwa. Juzi kikombe kilivunjika jikoni, nasi tukalitaja jina la mtu kabla ya kuuliza. Mtoto akatutazama tu. Tukarudi tukauliza.

Wabillahi tawfiq.