Unene wa Mtoto Si Cheti cha Afya

Mtoto wa miaka mitatu aliyejaa mashavu, mwenye mikunjo ya nyama mapajani, hupata sifa kila anakopelekwa. Wageni humbeba wakiguna kwa uzito wake, shangazi humwita kibonge, jirani humpa mama yake hongera kwa kumlisha. Mama wa mtoto mwembamba anayekimbia kutwa nzima huulizwa kama mwanawe anaumwa. Na akitokea mtu, hata awe muuguzi, akasema uzito wa yule kibonge umepita kiasi, jibu la bibi liko tayari: "Mwacheni mjukuu wangu ale. Akikua atapungua mwenyewe."

Imani hiyo si ya kweli, na inawaumiza watoto.

Haikuzuka hivihivi. Kizazi cha bibi huyo kilizika watoto kwa utapiamlo na surua, na baadaye ikaja miaka ya UKIMWI ambapo kila aliyekonda alitazamwa kwa mashaka. Hata leo udumavu ndio tatizo kubwa zaidi. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa, huku wenye uzito uliozidi wakiwa asilimia 4. Anayezisoma takwimu hizo juujuu atasema unene wa watoto ni shida ya Ulaya na Marekani, na kwamba kuujadili Dar es Salaam au Mwanza ni kuiga mambo ya wenye shibe.

Afrika Kusini imeshaonyesha hatari ya kufikiri hivyo. Utafiti wa kitaifa wa nchi hiyo wa mwaka 2016 ulikuta asilimia 27 ya watoto chini ya miaka 5 wamedumaa na asilimia 13 wamezidi uzito, katika nchi ileile na kwa wakati uleule. Unene haukusubiri udumavu uondoke ndipo ubishe hodi. Mtoto mmoja anaweza hata kuwa na yote mawili: kimo kimebaki chini kwa sababu ya lishe duni ya miaka ya mwanzo, kisha uzito ukapanda kwa chipsi, maandazi na soda. Kwa macho anaonekana amenawiri. Ndiyo maana wataalamu hawamhukumu mtoto wa umri huu kwa kumbeba na kuguna. Huulinganisha uzito wake na urefu wake. Kwa hesabu hiyo, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watoto milioni 37 walio chini ya miaka 5 walikuwa na uzito uliozidi.

Vifaa vyenyewe vya kupimia vimewazoesha wazazi kutazama upande mmoja tu. Chukua ule utepe wa kupima mzunguko wa mkono ambao wahudumu wa afya hutembea nao. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu. Kutoka hapo hadi 12.5 ni njano. Zaidi ya hapo ni kijani, na kijani hicho kinaendelea mpaka mwisho wa utepe. Ulitengenezwa kumtafuta mtoto mwenye njaa, na kwa kazi hiyo umeokoa maisha mengi. Lakini mama anayeona rangi ya usalama ikienda bila kikomo anaondoka na somo ambalo hakuna aliyekusudia kumfundisha, kwamba kadiri mkono unavyonenepa ndivyo mambo yanavyozidi kuwa mazuri. Chanjo zikikamilika, wazazi wengi huacha kwenda kliniki, na mtoto hapandi tena kwenye mizani mpaka siku atakayougua.

Miaka hiyo isiyo na mizani ndiyo miaka ya hatari. Mwaka 2018 watafiti wa Leipzig, Ujerumani, walichapisha matokeo ya kufuatilia vipimo vya watoto zaidi ya 51,000 tangu utotoni hadi ujanani. Karibu asilimia 90 ya waliokuwa na unene uliokithiri wakiwa na miaka 3 walikuwa bado na uzito uliozidi au unene uliokithiri walipofika ujanani. Na kwa vijana waliokuwa wanene, uzito ulikuwa umepanda kwa kasi kubwa zaidi kati ya miaka 2 na 6. Ule umri ambao bibi anaahidi kwamba mtoto "atapungua mwenyewe" ndio umri ambao unene unaweka mizizi. Ni kweli walikuwa watoto wa Ujerumani. Anayedai kwamba mwili wa mtoto wa Temeke unafuata kanuni nyingine ndiye anayepaswa kuleta ushahidi.

Sasa, mtoto wa mjini mwenye miaka 3 hadi 6 asubuhi yuko wapi? Yuko chekechea. Hapo ndipo kazi ya kuzuia inapopaswa kufanyika, na hapo ndipo mara nyingi mambo huharibiwa.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema mtoto wa miaka 3 na 4 anahitaji dakika 180 za kuchezesha mwili kila siku, na dakika 60 kati ya hizo ziwe za kukimbia na kuruka hasa. Alale saa 10 hadi 13. Asikae mbele ya televisheni au simu zaidi ya saa moja. Linganisha na siku ya mtoto ambaye gari la shule linampitia saa kumi na moja na nusu alfajiri. Ameamshwa saa kumi na moja. Ili apate saa 10 za usingizi alitakiwa awe amelala saa moja jioni, wakati baba na mama yake bado wako kwenye foleni. Akifika shuleni anakalishwa dawatini na daftari, kwa sababu wazazi wamelipa ada ili asome Kiingereza kabla ya mtoto wa jirani. Uwanja ni kibaraza chenye sakafu ya saruji mbele ya nyumba iliyogeuzwa darasa. Mapumziko ni mafupi, na mengi huishia kwenye kufungua kibegi cha vitafunwa: biskuti, krispi, soseji, juisi ya boksi. Akijibu vizuri anapewa pipi. Mwenzake akitimiza mwaka, kuna keki na soda.

Soda hiyo isipite hivihivi. Chupa ya mililita 300 huwa na sukari ya takriban gramu 30, yaani vijiko vya chai saba au vinane. Kwa mtoto wa miaka 4, hicho ndicho karibu kiwango chote cha juu ambacho Shirika la Afya Duniani linakiruhusu kwa siku nzima, na bado hajanywa chai ya jioni.

Kwamba chekechea zinaweza kufanya vingine, si nadharia. Huko Geelong, Australia, mpango ulioitwa Romp & Chomp ulifanyika kati ya mwaka 2004 na 2008 ukiwalenga watoto wapatao 12,000. Vituo vya kulelea watoto vilibadili taratibu zao: maji na maziwa badala ya vinywaji vitamu, matunda na mboga badala ya vitafunwa vya pakiti, na muda wa kucheza ukalindwa. Mwishoni, idadi ya wenye uzito uliozidi miongoni mwa watoto wa miaka 2 na wa miaka 3 na nusu ilikuwa imepungua. Chicago, Marekani, mpango wa darasani wa wiki 14 ulipunguza kasi ya kunenepa kwa watoto Wamarekani Weusi, lakini uliporudiwa kwa watoto wa asili ya Amerika ya Kusini haukuleta tofauti ya maana. Tofauti kati ya miji hiyo miwili inafundisha jambo: Geelong haikutegemea masomo ya wiki chache, iligeuza desturi nzima ya vituo vyake. Bango la matunda ukutani halitoshi kama kwenye kibegi kuna krispi.

Tanzania haihitaji kusubiri sheria mpya wala mfadhili. Mtaala wa Elimu ya Awali wa mwaka 2016 uliitaja "kutunza afya" kuwa moja ya stadi za msingi, sawa na kuwasiliana na hesabu. Kwa bahati mbaya stadi hiyo mara nyingi huishia kwenye kukata kucha na kupiga mswaki. Ipanuliwe. Kombolela, rede na kuruka kamba havina gharama, na mtoto anayevicheza anajifunza kuhesabu, kusubiri zamu na kushindwa bila kununa. Ndizi mbivu, chungwa, kiazi kitamu cha kuchemsha na maji safi ni rahisi kuliko vitafunwa vya pakiti. Mizani na kipimo cha urefu, mara moja kila muhula, vingeziba pengo lililoachwa na kliniki.

Hakuna anayependekeza mtoto wa miaka 4 ashindishwe njaa au aitwe bonge mbele ya wenzake. Mtoto bado anarefuka. Kwa wengi, kinachotakiwa ni uzito usiendelee kupanda huku kimo kikipanda. Kumdhihaki ni ukatili, na hakujamsaidia mtoto yeyote.

Mzazi unayelipa ada ya chekechea, ukienda kuchukua ripoti ya muhula huu, mwulize mwalimu mambo matatu: mwanangu anacheza kwa dakika ngapi kwa siku, anakunywa nini hapa, na mara ya mwisho alipimwa lini urefu na uzito. Asipokuwa na majibu, usimlaumu na kuondoka. Peleka maswali hayohayo kwenye kikao cha wazazi, na yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.