Asili ya Neno si Maana Yake: Kuhusu Neno "Thrive"

Kuna hoja inayopendwa katika semina za fasihi linganishi, nayo ni kwamba neno la Kiingereza thrive linafichua tabia ya jamii inayolitumia. Kwa vile neno hilo limetokana na kitenzi chenye maana ya kushika kwa nguvu, inadaiwa kwamba kufanikiwa kwa Mwingereza ni kunyakua, ilhali kustawi kwa Mswahili ni kwa mmea, usiompora mtu. Hoja hii inapendeza masikioni. Haina mashiko.

Asili yenyewe haina ubishi mkubwa. Thrive linahusishwa na kitenzi cha Kiskandinavia cha kale thrifask, umbo la kujirejea la thrifa, yaani kushika au kukamata. Walowezi wa Kiskandinavia walikaa mashariki na kaskazini mwa Uingereza tangu karne ya 9, na neno hilo linaonekana katika Ormulum, utungo wa kidini wa karne ya 12 wa mtawa aitwaye Orm. Lakini thrifask yenyewe, huko huko kwao, ilikwisha kumaanisha kuwa na hali njema. Waingereza walipokea neno la neema, si la unyakuzi. Aidha, ikiwa asili ndiyo roho ya jamii, flourish litawekwa wapi? Hilo lilipitia Kifaransa kutoka neno la Kilatini lenye maana ya ua. Mwingereza yule yule atakuwa mporaji asubuhi na mtunza bustani jioni! Na stawi, linalosifiwa kwa usafi wake, hunasibishwa na kitenzi cha Kiarabu istawa, kulingana sawa na kuiva. Mkulima asemaye mahindi yamestawi hafikirii ulinganifu wowote.

Madhara ya hoja hii hudhihirika inapopelekwa kwenye matini. Katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Julius Nyerere aliifasiri kwa jina Mabepari wa Venisi (1969), tendo la kwanza, onyesho la tatu, Shylock anasimulia jinsi Yakobo alivyojipatia kondoo wengi alipokuwa akichunga mifugo ya Labani. Anaiita hila hiyo njia ya ku-thrive, na papo hapo anaitaja baraka. Katika onyesho hilo hilo anatumia pia nomino ya neno hilo, thrift, kwa faida yake, na kulalamika kwamba Antonio huiita riba. (Thrift wakati huo lilikuwa pato, msomaji anayelichukulia kuwa ubanaji wa matumizi, kama lilivyo leo, anapotoka kwa upande mwingine.) Ugomvi wa wawili hao ni ugomvi wa jina: mmoja anadai neema, mwingine anaona unyonyaji, na hadhira inaachwa iamue.

Sasa mhakiki wa asili za maneno aingie hapo na kumshauri mfasiri aandike nyakua. Shylock atakuwa amekiri mashtaka kabla ya kushtakiwa, na mvutano wote wa onyesho umevunjika. Mfasiri anahitaji neno ambalo mtu huyo angelitamka bila haya mbele ya adui yake: neemeka, au stawi. Nyakua ni neno linalomfaa Antonio.