Tuache Fulana, Tulipe Debe

Bajeti ya safari ya msaada imeshaanza kuzunguka kwenye makundi yetu ya WhatsApp, na kila mmoja ametakiwa achangie kabla bumu halijaisha. Nimeisoma mara mbili. Mstari wa kwanza ni basi. Wa pili, fulana zenye nembo. Kuna bango, kuna mpiga picha, kuna chakula cha sisi tunaosafiri. Chakula cha watoto wenyewe kimekaa mstari wa saba: biskuti, juisi za boksi na mchele wa pilau ya siku moja.

Sina ugomvi na walioiandaa. Ni wenzangu, wana moyo, na baadhi yao ndio hunikopesha hela ya kula mambo yakiwa magumu. Ila mimi nimesoma shule ya msingi ya kijijini, Dodoma, nikiwa upande wa wanaoletewa, na naona tunaziba mahali pasipo na tundu.

Ngoja nieleze shule nyingi za kule zinavyolisha watoto. Tangu elimumsingi bila malipo ianze mwaka 2016, ada hakuna, lakini chakula cha mchana kwa wanaosoma kutwa kimebaki mikononi mwa wazazi. Wazazi wanaitwa kikao, wanakubaliana: kila mtoto debe la mahindi, kilo kadhaa za maharage, na hela kidogo ya mpishi na chumvi. Mwalimu anaandika orodha. Aliyetoa anawekewa tiki. Zipo shule ambazo zinamlisha kila mtoto hata hivyo, Mungu azibariki. Zipo nyingine ambazo kengele ya mchana ikigongwa, orodha ndiyo inayopakua makande.

Shuleni kwetu, enzi zetu, ilikuwa orodha. Wasio na tiki walikwenda uwanjani wakati sisi tunakula, na walicheza kwa kelele kuliko siku nyingine zote, ili isionekane kwamba wana njaa. Niliyekuwa nakaa naye dawati moja alikuwa miongoni mwao. Nilimmegea nilichoweza. Februari akaacha kuja, akaenda kuchunga ng'ombe za watu, na huko angalau alipewa maziwa.

Wageni wenye msaada nao walikuja, mara moja, nikiwa darasa la tano. Biskuti, soda, nyimbo, picha. Ilikuwa Agosti! Dodoma mvua ni ya msimu mmoja, mavuno yanaingia kuanzia Mei, kwa hiyo Agosti hata nyumba maskini ina uwele au mtama ndani. Njaa yenyewe inabisha hodi Januari hadi Machi, shamba likiwa kijani na ghala likiwa tupu. Januari hiyohiyo ndipo shule zinafunguliwa na orodha mpya inaandikwa.

Sasa tupige hesabu, si ndiyo kazi tuliyokuja kujifunza hapa? Mpe mtoto gramu 120 za mahindi na gramu 30 za maharage kwa siku. Zidisha kwa siku 194 za masomo. Unapata kilo 23 na ushee za mahindi na karibu kilo 6 za maharage. Huo ndio mwaka mzima wa mtoto mmoja, yaani debe moja na kidogo. Fulana mbili tatu, usije ukashangaa, zinamlisha mtu mpaka Desemba.

Na tusiyadharau hayo maharage. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, lakini Iringa, mkoa unaolisha mikoa mingine, walikuwa zaidi ya nusu. Mahindi kuwepo kijijini ni jambo moja. Kilichomo ndani ya sufuria, na nani anayepakuliwa, ni jambo jingine kabisa.

Najua nitaambiwa tukilipia watoto, wazazi wenye uwezo nao wataacha kutoa. Hoja hiyo ina uzito, siipuuzi. Ndiyo maana nasema tusilipie shule nzima. Kamati ya shule inawajua wasio na kitu: bibi anayelea wajukuu wanne, mjane, baba mgonjwa. Watupe idadi tu, majina wabaki nayo. Tiki iwekwe kama tiki nyingine, na mtoto asijue wala asiimbishwe.

Nitaambiwa pia mwalimu mkuu atakula hela. Basi tusimpe hela. Tununue mahindi hukohuko kijijini mwezi Juni au Julai bei ikiwa chini, yawekwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa, yaandikwe kwenye leja ya stoo mbele ya kamati, na wenzetu wawili wapande basi la kawaida Februari wakakague kilichobaki.

Picha zitakuwa chache, nakiri. Mfuko wa mahindi haucheki kamera.

Kikao cha kupitisha bajeti bado hakijakaa. Nitasimama kuomba mistari ya fulana, bango na mpiga picha ifutwe na hela yake ihamie mstari wa saba, na kwamba neno "biskuti" lisomeke "maharage". Nahitaji mtu wa kuniunga mkono, maana hoja ya mtu mmoja haijadiliwi.