Kalemie: mgeni apige hodi kabla ya kupiga picha

Gari jeupe lenye antena ndefu linaposimama kwenye kambi ya watu waliokimbia vita pembeni ya Kalemie, mambo huenda mara nyingi kwa namna ileile. Watoto wanakimbia wa kwanza. Akina mama wanaacha ndoo zao kwenye bomba. Mlango wa gari unafunguka, na mara nyingi simu au kamera hutoka kabla ya salamu. Anapigwa picha mtoto mwenye kaptula iliyopasuka, anapigwa picha mama anayenyonyesha mbele ya bashi lake, kiisha gari linageuka kurudi mjini. Yule mama hajui jina la mtu aliyempiga picha. Hajui picha inakwenda wapi. Jioni anamuuliza jirani yake jambo moja tu: "Wameandika majina?"

Swali hilo ndilo linaloeleza tatizo lote. Kwa mama yule, kupigwa picha na kuandikwa kwenye orodha ya msaada ni kitu kimoja. Anaogopa kwamba akigeuza uso, jina lake halitasomwa siku ya kugawa unga. Kwa hiyo anakaa kimya, anatazama kamera, na mgeni anaondoka akiamini kwamba amekubaliwa. Hakukubaliwa. Hakuna aliyeomba.

Wageni ni wengi Kalemie. Kuna wafanyakazi wa mashirika ya kiutu, kuna wanasiasa kutoka Kinshasa na Lubumbashi, kuna watumishi wa Mungu, waandishi wa habari, wanafunzi wanaofanya utafiti, na watoto wa jimbo wanaoishi Ulaya ambao hurudi kutazama ziwa na jamaa zao. Wengi wao wanakuja na moyo mwema, na wengine wamefanya kazi kubwa ambayo familia hazitaisahau. Lakini moyo mwema peke yake hautoshi. Anayeingia mahali asipopajua ana wajibu ambao kila mtoto wa Tanganyika hufundishwa nyumbani: kusimama nje, kupiga hodi, kungoja karibu, kueleza kilichomleta. Na asipoitikiwa, kurudi alikotoka bila kununa.

Jimbo hili lina sababu ya pekee ya kushikilia desturi hiyo, kwa maana limekwisha kuona mgeni asiyeomba anaweza kufika wapi.

Mwaka 1876 mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alianzisha shirika la kimataifa lililosema linapeleka elimu Afrika na kupinga biashara ya watumwa. Kwa jina la shirika hilo, afisa mmoja Mbelgiji, Émile Storms, alifika kwenye Ziwa Tanganyika. Mwaka 1883 alijenga kituo Mpala, kusini ya Kalemie ya leo, katika nchi ambayo sasa ni teritware ya Moba. Mwanzoni alifuata desturi: alichanjana damu na shefu Mpala, yaani alipokewa kama ndugu. Watu walimpa mgeni huyo heshima kubwa kuliko zote walizokuwa nazo.

Desemba 1884 watu wake waliushambulia mji wa shefu Lusinga, wakamwua, wakamkata kichwa. Lusinga hakuwa malaika. Alikuwa mtu wa vita, na majirani zake waliteseka kwa ajili ya biashara ya watumwa aliyoifanya. Lakini Storms hakuishia kwenye vita. Mwaka 1885 alirudi Ubelgiji na fuvu la Lusinga ndani ya mizigo yake, pamoja na mafuvu ya mashefu wengine wawili na sanamu ya mababu wa Lusinga. Kule Brussels fuvu lilipimwa na kuelezwa mbele ya wataalamu kama vile mtu anavyopima jiwe. Kwa miaka mingi likakaa ndani ya sanduku katika taasisi ya sayansi ya mji huo. Sanamu ikaishia katika jumba la makumbusho la Tervuren.

Habari hiyo ilijulikana sana mwaka 2018, wakati mwandishi wa habari wa Ubelgiji, Michel Bouffioux, alipoifuatilia na kuiandika. Mwaka 2022 sanamu ya Storms iliyokuwa imesimama katika eneo la Ixelles, Brussels, iliondolewa. Mwaka huohuo, mwezi wa sita, jino la Patrice Lumumba, ambalo askari polisi mmoja Mbelgiji alikuwa amelichukua na kulipeleka kwao, lilirudishwa kwa familia yake. Familia ile ilingoja zaidi ya miaka 60.

Hakuna anayesema kwamba picha ya simu ni sawa na kichwa kilichokatwa. Kusema hivyo kungekuwa kuwadharau waliokufa. Lakini wazo lililo chini ni jamaa na wazo lile la zamani: kwamba mtu wa hapa ni kitu cha kuonyeshwa kwa wengine huko mbali, na kwamba wa kwao hawana haja ya kuulizwa. Storms alichukua, akaondoka, na wenyeji wakabaki bila kujua chao kimewekwa wapi. Mama wa kambini naye hajui sura yake imewekwa wapi.

Tena kuna hatari ambayo mgeni wa siku mbili haioni. Wengi wa watu waliojaa kwenye kambi kama Katanika na Kalunga mwaka 2017 walikimbia mapigano kati ya Batwa na Baluba, katika teritware za Nyunzu, Manono, Kabalo na Kalemie yenyewe. Katika vita vya namna ile, jirani anamjua jirani. Mtu akisimama mbele ya kamera, akataja kijiji chake na kusema nani alichoma nyumba yake, maneno yale yanaweza kurudi kijijini kabla yeye mwenyewe hajarudi. Leo simu iko hata kwenye mashamba ya mbali. Picha iliyotolewa Ulaya asubuhi inaonekana Nyunzu mchana. Mgeni yuko tayari kwenye ndege; aliyesema ndiye atakayelala katika kijiji kilekile na watu aliowataja.

Vilevile kwa waliofika kwa mashua mwaka 2025, wakikimbia vita vya Kivu ya Kusini baada ya Bukavu kuanguka mwezi wa pili. Wengine waliacha mume, kaka au mtoto upande wa nyuma. Sura yao ikitoka pamoja na jina na mahali walipo, anayeweza kulipa bei ni yule aliyebaki.

Wako wanaojibu: bila picha, dunia itasahau Tanganyika. Neno hilo lina ukweli ndani yake. Kalemie iko mbali na Kinshasa, na mbali zaidi na wale wanaotoa pesa. Watu wanaotoa pesa hutaka kuona. Lakini kuomba ruhusa hakuzuii picha kupigwa. Kunachukua dakika chache: kusalimia, kusema jina, kusema shirika, kusema picha itaonyeshwa wapi, kungoja jibu. Anayekubali baada ya kuelezwa husema zaidi na husema vizuri, kwa sababu anajua anasema na nani. Na anayetaka kuficha uso anaweza kupigwa kutoka nyuma, au picha ikaonyesha mikono yake ikipepeta unga. Habari haifi kwa hiyo.

Jambo hili si geni kwa mashirika yenyewe. Mwaka 1994 Msalaba Mwekundu pamoja na mashirika mengine makubwa walitoa kanuni 10 za mwenendo kwa wanaosaidia watu katika maafa. Ya mwisho inadai kwamba katika habari na matangazo yao, waliopatwa na maafa waonyeshwe kama binadamu wenye heshima, si kama vitu visivyo na tumaini. Kanuni iko tangu miaka 30 na zaidi. Kilichobaki ni kuishusha kutoka kwenye karatasi mpaka kwenye mkono unaoshika simu.

Na lawama isitupwe kwa wazungu peke yao. Mheshimiwa anayegawa mifuko mitano ya unga huku wapiga picha wanane wakimzunguka ni mgeni vilevile. Kijana wa mjini anayepita kambini na kutia sura za watoto kwenye Facebook ili apate kusifiwa ni mgeni pia. Waandishi wa habari wa Kalemie wenyewe, wenye radio na wenye mitandao, mara ngapi wamesukuma maikrofoni mbele ya mama aliyefiwa kabla ya kumpa pole? Mtu anaweza kuzaliwa kilometa tatu kutoka kambini na bado akaingia humo kama mtu asiyejua adabu.

Desturi ya hodi haina upande mmoja. Familia zilizokimbilia Kalemie nazo ziko mahali ambapo si kwao, na nyingi zimeishi hivyo kwa uvumilivu. Wazee husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hapa wengi walichukua jembe wenyewe bila kungoja kupewa, wakalima kwa kibarua, wakabeba ndagala kutoka pwani. Palipotokea ugomvi, mara nyingi ulianzia kwenye kuni zilizokatwa au shamba lililoguswa bila mwenyewe kuulizwa. Na palipotulia, kuna mtu aliyekwenda kwanza kwa shefu wa mtaa akapiga hodi. Kama hilo linadaiwa kwa mtu aliyefika na mtoto mgongoni na sufuria moja, halishindikani kwa mtu aliyefika kwa gari.

Yapo mambo ambayo familia yoyote inaweza kuyadai tangu leo. Kabla ya picha, kuuliza: wewe ni nani, umetumwa na nani, picha inakwenda wapi? Kukataa bila kueleza sababu. Kukataza picha ya mtoto ambaye mzazi wake hayuko karibu. Kukubali picha lakini kukataza jina. Na mtu akilazimishwa, kukumbuka jina lililoandikwa kwenye gari au kwenye koti la mgeni, na kulipeleka kwa kamati ya kambi na kwa shefu.

Lakini mzigo usiwekwe wote kwa aliye dhaifu. Kabla ya mgeni yeyote kutoa simu mfukoni, kamati ya kambi itangaze kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyewe, kwa sauti ambayo hata bibi kizee aliye ndani ya bashi la mwisho ataisikia: picha si orodha. Anayekataa picha atapata unga wake kama wengine, na anayekubali hatapata zaidi. Mkubwa wa ule msafara asimame pale na kulisema neno hilo kwa kinywa chake mwenyewe.

Siku neno hilo litakapozoeleka, mama atakayesimama mbele ya kamera atakuwa amechagua kusimama pale. Na atakayesema hapana atarudi kwenye bomba kujaza ndoo yake, bila kulala na hofu kwamba jina lake limefutwa.